Tangu fonie mpaka fibre: namna hoteli za Goma zilitafuta intaneti ya mbio

Juu ya paa la hoteli moja ya kartie Himbi, hapa Goma, kuko vitu vine vya chuma na waya. Cha kwanza ni waya murefu wenye kutu, uliofungwa kati ya nguzo mbili: ule ulikuwa wa fonie. Cha pili ni sahani kubwa yenye upana wa karibu metre mbili na nusu, yenye kutazama mbinguni, na sasa mama wa kufua anaanikaga mapazia ndani yake. Cha tatu ni kisanduku cheupe chenye kuelekea Gisenyi. Cha ine ni uzi mweusi, mwembamba kama kamba ya kiatu, unaoingia ndani ya ukuta bila kelele. Ule ni fibre.

Mwenye hoteli, papa wa miaka zaidi ya 70, alinipandisha kule mwezi uliopita. Nilikuwa nimekuja kumuuliza juu ya kazi anayofanya sasa: anatengeneza vyumba vyake upya, na katika kila chumba anaweka intaneti ya mbio kwa wageni wa uchuruzi na wa mashirika. Nilifikiri tutazungumza dakika kumi. Akaniambia: "Kijana, habari ya hoteli yangu haiko mu vyumba. Iko huku juu." Tulikaa kule mpaka jua likazama nyuma ya ziwa.

Toka siku ile niliendelea kuuliza watu wengine: mafundi, wasichana wa mapokezi, wakubwa zangu wa kazi ya redio. Ninawaandikia hapa yale niliyosikia na yale niliyoona mwenyewe, kwa sababu vijana wengi wa Goma wanadhani intaneti ilikuja na telefone zao.

Tuanze na wakati ambapo hakukuwa kitu. Wakati wa Wabelgiji mugeni wa hoteli alituma telegramu kwa posta. Wakati wa Zaire, hoteli nzuri ilikuwa na telefone moja ya waya kwa mapokezi, na mugeni aliomba ruhusa ya kuitumia. Waya zile zilikufa polepole katika miaka ya 80, na uporaji wa 1991 na wa 1993 ulimaliza zile zilizobaki. Kule Kinshasa, Miko Rwayitare alianzisha Telecel mwaka 1986, na Zaire ikawa moja kati ya inchi za kwanza za Afrika kuwa na telefone za mukononi. Lakini zile zilikuwa telefone za mawaziri na matajiri. Mutu wa Goma aliziona mukononi mwa wakubwa waliotoka Kinshasa na ndege.

Sisi huku tulikuwa na fonie. Kwa wale wasioijua: ni mutambo wa redio wa kusema na kusikia, wenye kutumia masafa ya mawimbi mafupi. Ulikuwa kwa mapadri, kwa mashirika ya ndege ndogo, kwa wachuruzi wenye ma-depo ndani ya pori. Unaita Walikale, unaita Punia, unangoja, unaita tena. Shida yake ni moja: kila mwenye mutambo anasikia. Papa wa Himbi aliniambia wachuruzi wa zahabu na wa kahawa walikuja kulala kwake juu ya fonie, si juu ya kitanda, na bei walizitaja kwa mafumbo. Mugeni mmoja alisema "mama amepona" kama bei ya kahawa imepanda, na "mama yuko lopitali" kama imeshuka. Siku moja mama yake alilazwa kweli, na hakuna aliyemwelewa.

Kisha ikaja 1994. Katika mwezi wa 7, kwa siku chache tu, karibu watu milioni moja walivuka mupaka toka Rwanda na kuingia Goma. Kolera ikaua watu kwa maelfu. Nyuma yao walikuja mashirika na waandishi wa habari wa dunia nzima, na hoteli za muji zikajaa mpaka ndani ya bustani. Waandishi wale walikuja na telefone za setilaiti za Inmarsat, kubwa kama valizi, ambazo kila dakika ililipwa kwa dola. Walifungua kifuniko, wakakielekeza mbinguni, wakasema na London au Paris wakiwa wamesimama kati ya maua.

Mimi ninaona historia ya intaneti katika hoteli zetu inaanza pale, hata kama hakukuwa intaneti hata kidogo. Kwa mara ya kwanza wenye hoteli walielewa kwamba kuko mugeni ambaye hakuulizi juu ya chakula wala juu ya maji ya moto. Anauliza saa ngapi umeme uko, na kama paa linaonekana vizuri toka mbinguni. Na mugeni yule analipa. Anaweza kulala chini kama umeme uko. Papa alinunua jenereta yake ya kwanza mwaka ule, na anasema ndiyo iliyosomesha watoto wake.

Vita ya 1996 ilipita, kisha ile ya 1998, na inchi ikakatwa vipande. Goma ikawa makao makuu ya RCD. Wakati ule mawasiliano yetu yalitoka ng'ambo ya mupaka: Rwandacell ilikuwa imeanza kazi Rwanda mwaka 1998, na antena zake za Gisenyi hazikujua mupaka uko wapi. Mutu alisimama upande wa ziwa, akainua telefone juu, akapata "barre" mbili. Wenye kujenga karibu na mupaka walikuwa na bahati isiyo yao.

Mwaka 1999 Umoja wa Mataifa ukaunda MONUC, na sahani kubwa zikaanza kuonekana juu ya mapaa ya Goma. Ile ya Papa ni ya miaka ya kwanza ya 2000. Ni vizuri nieleze namna ilivyofanya kazi, kwani ukielewa hii utaelewa hasira yote ya wageni wa miaka kumi iliyofuata.

Setilaiti ya namna ile iko juu ya dunia kilometre karibu 36.000. Mugeni akibonyeza kufungua barua yake, ombi lake linapanda kilometre 36.000, linashuka kilometre 36.000 mpaka Ulaya, na jibu linarudi njia ile ile. Hata kwa mbio ya mwangaza, ile ni karibu nusu ya sekunde kabla ya kitu chochote kuonekana. Kwa barua si neno. Kwa kusema na mutu, munakatana maneno kama wazee wawili wenye kugombana. Tena sahani nyingi zilitumia masafa ambayo mvua inayameza, na munajua mvua ya Goma. Wingu likitoka upande wa Nyiragongo, msichana wa mapokezi alikuwa anajua kwamba baada ya dakika tano wageni watashuka kumuuliza.

Na bei! Papa alilipa zaidi ya dola elfu moja kila mwezi kwa kilobiti 512. Sikilizeni hesabu: kama wageni 40 wanatumia kilobiti 512 pamoja, kila mumoja anapata chini ya kilobiti 13. Hata modemu ya zamani ya waya wa telefone, ile yenye kulia kama paka, ilikuwa na 56. Ndiyo sababu ordinatere ilikuwa moja tu, ndani ya chumba kidogo nyuma ya mapokezi, na daftari la kuandika jina na saa. Mugeni wa hoteli alilipa kwa dakika kumi na tano. Sisi wengine tulienda kwa siber katikati ya muji, tukalipa kwa saa, na nusu ya saa ile tulitazama kurasa zikijifungua kutoka juu kwenda chini kama pazia.

Tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka 2002, Nyiragongo ikatema moto. Mimi nilikuwa mutoto wa miaka 11, tulikimbilia Gisenyi na godoro moja kichwani mwa yaya wangu. Mutiririko wa lava ulipita katikati ya muji mpaka ndani ya ziwa, ukala uwanja wa ndege kwa sehemu, ukala maduka, mabenki na nyumba kwa maelfu. Tuliporudi tulijenga kwa kile volkano ilituachia, ni kusema makoro. Kuta za hoteli nyingi za Goma ni za mawe yale meusi, mapana kama mukono toka kiwiko mpaka vidole. Ni mazuri, ni baridi, hayaogopi moto. Weka jambo hili akilini, tutarudi kwake.

Wakati sisi tunajenga, kule Marekani hoteli kubwa zilikuwa zimeanza kuvuta waya za intaneti ya mbio mpaka vyumbani, toka mwisho wa miaka ya 90. Mwaka 1999 wifi ya kwanza ya kununuliwa na watu wote ikatokea sokoni, na mwaka 2003 Intel ikatoa Centrino, ambayo ilifanya wifi iwe ndani ya ordinatere ya kubeba toka kiwandani. Hapo ndipo swali lilibadilika. Mugeni hakuuliza tena "ordinatere iko wapi?" Alifungua mashini yake kabla ya kufungua valizi na kuuliza: "Wifi iko?"

Hoteli zetu zilijibu ndiyo. Zilinunua kisanduku kimoja chenye antena mbili, zikakiweka juu ya kabati ya mapokezi, zikaandika kibao mulangoni. Na pale ndipo udanganyifu ulianza, hata kama wengi hawakujua kwamba wanadanganya. Kisanduku kile kiliweza kupitisha mega 11 kwa sekunde kati ya ordinatere na kabati. Lakini toka kabati kwenda mbinguni njia ilikuwa ile ile ya nusu mega. Ni kama kupanua barabara ya ndani ya kiwanja chako wakati daraja la kuingia muji linapitisha chukudu moja moja. Mugeni aliona alama ya wifi imejaa, barua yake haifunguki, na akamtukana msichana wa mapokezi. Wasichana wale walivumilia mengi, na hakuna aliyewaandikia historia.

Uchaguzi wa 2006 ulileta waangalizi. Mwezi wa kwanza 2008 ulileta mukutano wa amani wa Kivu zote mbili, na wajumbe kwa mamia walilala mpaka watatu kwa chumba. Kila mara hoteli ziliongeza kidogo: kilobiti nyingine, jenereta nyingine, mapipa mengine ya mazutu. Ninaposoma historia hii ninaona jambo moja ambalo halinifurahishi. Kila hatua ya intaneti katika hoteli zetu ililipwa na taabu yetu. Wakimbizi, vita, uchaguzi wenye hofu, ugonjwa. Kule Lubumbashi ilikuwa tofauti: sheria ya madini ya 2002 iliita wageni wa shaba na kobalti, na hoteli za kule zilitengenezwa kwa watu waliokuja kununua na kuuza. Hapa kwetu "mugeni wa biashara" alikuwa mara nyingi mutu wa shirika.

Daraja lenyewe lilipanuka toka upande ambao hatukuutarajia. Mwaka 2009 fibre za chini ya bahari zilifika Mombasa na Dar es Salaam, na bei ya intaneti katika inchi za pwani ikaanza kushuka. Uganda na Rwanda zikavuta nyuzi mpaka kwao, na Rwanda ikatandaza zake katika inchi nzima, mpaka mipakani. Gisenyi iko hatua chache toka Goma. Kati ya hoteli fulani za Goma na muji ule unaweza kutupa jiwe. Ndipo visanduku vyeupe vikapandishwa juu ya mapaa, vikitazama mashariki. Kwa mara ya kwanza intaneti yetu haikupanda mbinguni. Ilipita juu ya vichwa vya mama wenye kuvuka Petite Barrière na mikungu ya ndizi, ikaingia ndani ya uzi, ikaenda mpaka bahari ya Hindi.

Inchi yetu nayo ilikuwa na fibre yake, ile ya WACS, iliyofika Muanda na kufunguliwa mwaka 2013. Lakini Muanda iko kwenye bahari ya Atlantiki, mwisho mwingine kabisa wa Kongo. Kwa muchuruzi wa Goma, Mombasa ilibaki karibu zaidi kuliko bahari ya inchi yake mwenyewe.

Nilianza kazi ya redio mwaka ule ule wa 2013. Habari ya dakika tatu, ukiiweka katika mp3 ya kawaida, ni karibu mega tatu. Kwa koneksio ya kilobiti 64 ni dakika sita kama kila kitu kinaenda vizuri, na hakuna siku ambayo kila kitu kilienda vizuri. 3G ya telefone ilikuwa imefika, lakini mega ziliisha kabla ya habari kufika. Basi sisi waandishi tulijua hoteli zote. Unaingia na shati safi, unaomba Fanta moja, unaiomba polepole. Hoteli nyingine ilibadilisha neno la siri kila asubuhi. Nyingine, ambayo sitaitaja, ilinitoa nje siku ambapo nilikuwa na habari ya watu waliozama ndani ya ziwa, kwa sababu Fanta yangu ilikuwa imeisha na nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mugeni. Nilimalizia kutuma nikiwa nimesimama nje, karibu na ukuta, wifi ikiwa na barre moja.

Pale nje ndipo nilimukuta mama mumoja muchuruzi wa vitenge, wa Butembo. Alikuwa amekaa ndani ya kibanda cha sentineri. Alingoja karatasi ya bei toka Guangzhou, kwa sababu bila karatasi ile hawezi kutuma feza, na bila feza kontena haiondoki. Munajua watu wa Butembo: wanaenda Dubai, wanaenda China, wanarudi, na kwao muji ulikaa miaka mingi na umeme wa jenereta tu. Yule mama alikuwa msafiri wa biashara wa kweli kuliko wote waliokuwa ndani. Lakini alilala kwa shemeji yake kule Katindo, kwa sababu kitanda cha dola 80 kilikuwa faida yake ya juma. Sentineri alimukodisha neno la siri kwa franka 500. "Ndani wanauza kahawa," aliniambia, "mimi ninahitaji proforma." Hoteli ilikuwa imeandika mulangoni kwamba ina intaneti kwa wafanya biashara. Mufanya biashara alikuwa nje, akiwa amejifunga kitenge juu ya upepo wa ziwa.

Sasa turudi kwa makoro. Wakati daraja lilipanuka, wenye hoteli waliona jambo la ajabu: wamelipa mega kumi, na mugeni wa chumba cha mwisho bado analia. Fundi mumoja, kijana aliyesoma hapa Goma, ndiye aliyenieleza. Mawimbi ya wifi yanapita mbao bila shida, yanapita ukuta mwembamba wa matofali kwa shida kidogo, lakini ukuta wa makoro wa sentimetre 40 unayazima. Kuta mbili, umebaki bila kitu. "Hoteli za Goma ni ngome," alisema. "Unaweka mutambo mukubwa kwa mapokezi, na nguvu yote inamwangazia mutu wa mapokezi." Dawa yake haikuwa kununua mega nyingine. Ilikuwa kuvuta waya wa mutandao ndani ya kila korido, na kuweka kisanduku kidogo juu ya dari kila vyumba vitatu au vine. Kutoboa makoro kwa waya ule ni kazi ya nyundo na patasi. Katika hoteli ya Papa ilichukua majuma matatu, na wageni walilalamika juu ya makelele.

Kulikuwa na shida ya pili, ndogo na ya aibu. Umeme wa SNEL, ule wa Ruzizi, ukikatika, jenereta inawaka baada ya sekunde kumi na tano. Mutu mwenye taa haoni neno. Lakini mutambo wa intaneti umezimika, na kujiwasha kwake kunachukua dakika mbili au tatu. Kwa mugeni anayezungumza na benki yake ya Nairobi, mazungumzo yamekufa. Siku ya delestaji inaweza kutokea mara sita. Hoteli zilibadilisha kampuni ya intaneti, zikagombana, zikakataa kulipa, na kumbe shida ilitoka kwa batri iliyokosekana. Fundi yule aliweka batri ndogo chini ya kila mutambo, ya kushika nusu saa. Anasema katika kazi yote aliyofanya kwa hoteli za muji huu, ile ndiyo ilikuwa ya bei ndogo zaidi, na ndiyo iliyomletea asante nyingi. Toka umeme wa Matebe, uliofunguliwa mwaka 2015 kule Rutshuru, ulipoanza kuingia katika kartie za Goma, mambo yakawa mepesi kidogo kwa wale walioweza kulipa.

Mwaka 2018 Ebola ilitangazwa, tarehe 1 mwezi wa 8, na ikakaa mpaka mwezi wa 6 mwaka 2020. Hoteli za Beni na Butembo, ambazo hakuna aliyekuwa anazijali, zikawa ofisi. Kila jioni mukutano kwa video na Geneva na Kinshasa. Sahani mpya zilipandishwa ndani ya majuma machache katika miji ambayo wenyeji walikuwa wanaomba koneksio nzuri miaka kumi. Niliripoti kule, na nilisikia vijana wakiuliza kwa nini ugonjwa umepata intaneti kabla yao. Sikuwa na jibu la kuwapa ndani ya mikro.

Halafu, tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka ule, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ikakata intaneti katika inchi nzima. Ilirudi baada ya karibu majuma matatu. Fibre, wifi, visanduku, vyote vilikuwa pale, taa za kijani zinawaka, na hakuna kitu kinachopita. Mimi nilivuka kwenda Gisenyi kila asubuhi na kifunguo cha USB ndani ya soksi, ninatuma sauti zangu, ninarudi. Kwa mupaka nilikutana na wachuruzi, wanafunzi, watu wa mashirika, wote na telefone mukononi. Mume wa mumoja alikuwa mugonjwa Kampala na alitaka tu kujua kama amefanyiwa operesheni. Hoteli ambazo zilikuwa zimeandika "intaneti saa 24" zilifunika vibao vyao na karatasi. Papa wa Himbi ananiambia wakati ule alijaribu kuwasha tena sahani yake kubwa. Ilikuwa na kiota cha ndege ndani.

Baada ya pale vilikuja Covid, volkano ya tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021, na kuhamishwa kwa kartie kumi za muji. Nitapita haraka juu ya haya kwa sababu tumeyaandika mara nyingi. Neno moja tu: Covid ilifundisha wageni kufanya mukutano bila kusafiri. Yule aliyekuwa anakuja Goma mara ine kwa mwaka alianza kuja mara moja. Hoteli zilikuwa zimemaliza kulipia mutandao mzuri wa kusema kwa video, na mutandao ule ndio ulioondoa sababu ya kuja.

Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 munaujua wote. M23 iliingia muji, uwanja wa ndege ukafungwa, mabenki yakafungwa, na kwa siku kadhaa hatukuwa na umeme, maji wala koneksio. Hadi wakati ninapoandika, ndege za abiria hazitui Goma. Mugeni anakuja kwa barabara kupitia Rwanda, na wengi wanalala ng'ambo. Kuko hoteli zilizofunga, kuko zingine zenye kuwasha ghorofa moja tu. Kulipa kampuni ya fibre ni safari: Papa anatuma mujukuu wake Gisenyi kila mwezi na risiti.

Ndiyo sababu nilimuuliza, kule juu ya paa, kwa nini anatengeneza vyumba sasa. Vyumba 22, kila kimoja na waya wake na kisanduku chake, wakati wageni wako sita. Alikaa kimya kidogo. Kisha akanionyesha chini, sala ya zamani ya mikutano. Alikuwa ameondoa viti vya plastiki na kuweka meza kumi na mbili. Mutu wa muji analipa kwa siku, si kwa kitanda. Niliona mwanafunzi aliyekuwa anatetea kazi yake mbele ya waalimu walio mbali, vijana wawili wenye kutafsiri karatasi za watu wa Kanada, na mwanaume mumoja mwenye kuuza maharagi aliyekuwa anagombana kwa video na mutu wa Kampala juu ya magunia arobaini. Mwenye maharagi alipiga kelele mpaka msichana wa mapokezi akaja kumuomba apunguze sauti.

"Wale ndio wageni wangu sasa," Papa alisema. "Hawali, hawalali, wanataka koneksio tu. Bei ninayowaomba haitoshi hata kulipa batri." Nilimuuliza kama atafunga sala wakati watu wa mashirika watarudi. Hakunijibu. Alitazama upande wa volkano, ambako wingu lilikuwa linashuka, na akaita mama wa kufua apande haraka kutoa mapazia ndani ya sahani.